Moto Chini ya Kitanda

Katika kijiji cha Trapeang Ampil hakuna aliyelijua joto kama Bibi Soeun. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu. Alisema alizaliwa Aprili, akaolewa Aprili, na jua la Kambodia linamjua kwa jina. "Nyinyi mnalia joto, joto," aliwaambia majirani. "Kwangu mimi joto ni ndugu." Aliyasema hayo miguu yake yote miwili ikiwa ndani ya ndoo ya maji, na kichwani amejifunika kitambaa cha krama kilicholowa chepechepe.

Mwaka huo ndugu yake alikuja na hasira. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Novemba. Bwawa la kijiji lilibaki tope, na nyati wa kulimia walilala ndani ya tope hilo mpaka puani. Kuku walitembea midomo wazi. Mbwa alichimba shimo chini ya nyumba, akajizika nusu. Wanyama wote walijua la kufanya. Binadamu yeye ana mila.

Nyumba ya Bibi Soeun ilisimama juu ya nguzo kama nyumba zote za pale, ila paa lake lilikuwa la mabati ya bluu. Zamani lilikuwa la makuti ya mvumo. Phalla, bintiye wa mwisho, ndiye aliyeyanunua mabati hayo alipokuwa akishona katika kiwanda cha nguo mjini. Yalipopigiliwa misumari, Bibi Soeun alizunguka kijiji kizima akiwauliza watu kama mng'ao wake hauwaumizi macho. Walimjibu hauwaumizi. Walioumia ni waliokaa ndani. Mchana, mishumaa ya mababu ilijipinda yenyewe ikainama, kama vile nayo inaomba maji.

Sasa Phalla alikuwa amerudi nyumbani, tumbo mbele. Mumewe, Rith, alikuwa mgema wa mivumo. Alikuwa mtu mpole. Watu walisema anaogopa vitu viwili tu, nyoka kule juu ya mti na mama mkwe huku chini, na kwamba nyoka amemzoea.

Phalla hakuwa binti pekee. Alikuwapo dada yake, Mealea. Miaka mitatu nyuma, katika Aprili ya kwanza chini ya mabati ya bluu, Mealea alijifungua mtoto wa kiume. Bibi Soeun akamlaza juu ya moto, kama yeye alivyolazwa na mama yake. Mzazi hulala juu ya kitanda cha mianzi, na chini ya kitanda huwekwa karai la makaa. Watu wa pale husema mwanamke akishazaa mishipa yake ni mibichi, na baridi ikiingia humo haitoki tena. Siku ya tatu Mealea alikufa. Mtoto alimfuata kabla jua halijazama.

Bibi Soeun alikiambia kijiji kwamba moto ulizimika. Sambath, mume wa Mealea, aliachiwa kuulinda moto, akalala usingizi. Baridi ikapata nafasi. Siku ile nyumbani walikuwa Bibi, Sambath na marehemu tu, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Sambath naye hakubisha. Alikuwa ametoka shambani amechoka, na mtu aliyechoka hawezi kuapa kwamba hakusinzia. Baada ya kuchoma maiti alifunga nguo zake, akaenda mashamba ya mpira upande wa mashariki. Hakurudi. Bibi Soeun alisema kitanda kile cha balaa alikitupa katika moto uleule uliomchoma bintiye.

Mwanzoni mwa Aprili Phalla alijifungua kituo cha afya, mtoto wa kike. Mkunga aliitwa Nimol, msichana mfupi mwenye sauti kubwa, mzaliwa wa milima ya Mondulkiri. Kabla hajawaruhusu kurudi nyumbani alimshika Bibi Soeun mkono. Alimweleza kwamba mwezi huu hapana moto. Mzazi alale penye upepo, anywe maji mengi, avae nguo nyepesi. Bibi Soeun aliitikia kila neno. Ndiyo, mwanangu. Ndiyo kabisa. Hata mkokoteni haujatoka langoni, alimgeukia Rith akamwagiza makaa ya mkwaju, magunia mawili, kwa sababu hayo hayazimiki upesi.

Usimhukumu haraka. Mama aliyezika binti mmoja hawezi kucheza na wa pili. Usiku na mchana aliwaza jambo moja tu: Phalla asife. Kama moto wa kwanza ulikuwa mdogo, huu utakuwa mkubwa. Dawa ya moto ni moto, alijisemea.

Basi Phalla akalazwa juu ya kitanda kipya, alichokitengeneza Rith mwezi wa Machi. Akavishwa kofia ya sufu, soksi, glavu na koti la mitumba lenye manyoya shingoni. Juu yake blanketi. Chini yake makaa. Juu ya vyote hivyo, mabati. Dirisha lilifungwa ili upepo usiingie. Mtoto alifungwa nguo tatu, akawekwa ubavuni kwa mama yake.

Siku ya kwanza Phalla alitoka jasho mpaka mianzi ikateleza. Aliomba maji. Akapewa kikombe kidogo cha pombe ya mchele yenye mizizi, kwa kuwa maji ni baridi. Siku ya pili asubuhi alisema kichwa kinampasuka. Akatapika. Saa tano alianza kuzungumza na fundi cherehani mwenzake wa kiwandani, akimwomba azime mashine. Fundi huyo alikuwa mjini, mbali kabisa.

Saa sita jasho lilikauka.

Bibi Soeun aliupapasa uso wa binti yake, akaukuta mkavu kama karatasi na wa moto. Alifurahi. "Jasho limekwisha," alimwambia Rith. "Baridi yote imetoka. Ongeza makaa, tumalizie."

Rith alimtazama mkewe. Macho ya Phalla yalikuwa wazi lakini hayakumwona. Alimtazama mtoto. Alikuwa mwekundu kama pilipili, analegea, na tangu alfajiri hakunyonya. Rith alisema sawa, mama, makaa yamekwisha, ngoja nikalete mengine. Akashuka ngazi, akapanda pikipiki. Magunia yalikuwa bado nusu. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mama mkwe, na nusu saa baadaye uongo huo ulirudi nyumbani umekaa nyuma ya pikipiki, una mfuko wa dawa begani.

Bibi Soeun alimkuta Nimol kwenye kipago cha mwisho cha ngazi, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Nimekuita?"

"Hukuniita, Bibi. Nipishe."

"Wewe mtoto wa milimani, umezaa wangapi?"

"Sijazaa."

"Mimi saba. Nimelala juu ya moto mara saba na niko hapa nakuzibia mlango."

"Ulilala chini ya makuti, Bibi," Nimol alisema. "Na wangapi kati ya hao saba walizaliwa Aprili?"

Bibi Soeun alihesabu kwa vidole. Wote walizaliwa baada ya mavuno, katika miezi ya upepo mkavu, isipokuwa mmoja aliyezaliwa katika mvua. Hakuwahi kuhesabu hivyo.

"Huyu ataingiwa na baridi," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu mwenye mikono kiunoni. "Dada yake alikufa kwa baridi. Moto ulizimika."

"Huyo dada yake, kabla ya kufa alikuwa anatoka jasho?"

"Lilikauka," Bibi Soeun alisema. "Kama huyu."

"Alitapika?"

"Ndiyo."

"Alisema maneno yasiyoeleweka?"

Bibi Soeun alishika mwimo wa mlango. Mealea alikuwa akiimba, akidhani yuko mtoni. Karai lilikuwa jekundu siku ile. Yeye mwenyewe alikuwa ameliongeza mara mbili, Sambath akiwa amejilaza pembeni. Alikuwa amelijua jambo hilo kwa miaka mitatu kama mtu anavyojua kuna nyoka ndani ya ghala: anapita mbali, hafungui.

Akapisha mlango.

Nimol hakupoteza muda. Walimshusha Phalla chini ya nyumba, mahali pa kivuli ambapo upepo hupita kati ya nguzo. Mbwa alifukuzwa shimoni mwake. Nimol alimvua kofia, soksi, koti, kila kitu, akamfunika shuka moja nyepesi. Alilowesha krama, akaziweka shingoni, kwapani na mapajani, penye damu nyingi. Akamwambia Rith apunge kwa ungo na asiache hata mkono ukikatika. Mtoto alifunguliwa zile nguo tatu, akapanguswa kwa maji yasiyo baridi sana, akapepewa taratibu.

Bibi Soeun alileta kikombe cha maji, akataka kumnywesha Phalla. Nimol alimzuia. Mtu asiyejitambua hanyweshwi, alisema, maji yataingia mapafuni. Asubiri mpaka aweze kushika kikombe mwenyewe.

"Jasho ni kazi ya mwili," alimweleza huku akibadilisha vitambaa. "Mwili ukizidiwa na joto hutoa maji juu ya ngozi, yakikauka ngozi inapoa. Maji yakiisha mwilini, jasho linasimama. Hapo joto halina tena pa kutokea. Ngozi kavu ya moto, na mtu anaweweseka, Bibi, si kupona. Ni mlango wa kaburi."

"Basi nilikuwa naongeza makaa mlangoni," Bibi Soeun alisema.

Nimol alilowesha krama nyingine. Gari la kituo lilifika, na Phalla na mtoto wakapakiwa, vitambaa vikiendelea kuloweshwa njiani.

Bibi Soeun alibaki. Alipanda juu akatoa karai, akamwaga makaa uani, akayamwagia maji ya ile ndoo yake ya miguu. Yalilia kwa muda mrefu. Aliketi karibu nayo mpaka yakanyamaza, na hata baada ya hapo hakuinuka. Jirani mmoja alipita akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alisema hajui. Hakuongeza mzaha, na jirani akajua mambo ni mabaya.

Phalla alikaa kituoni siku sita. Siku mbili za kwanza hakumtambua mtu. Siku ya tatu alimwomba mama yake maji, akashika kikombe mwenyewe, na Bibi Soeun akatoka nje akalie nyuma ya choo ambako hakuna mtu. Mtoto alinyonya tena. Alikuwa dhaifu, lakini alinyonya.

Siku hiyo Bibi Soeun alimfuata Nimol kwenye korido. Alitaka kuuliza swali moja, akaliuliza vibaya.

"Kwa hiyo yule wa kwanza..."

"Sikuwapo, Bibi," Nimol alisema.

"Lakini kama ungekuwapo."

Nimol alishika kitasa cha mlango. "Ningefanya kama nilivyofanya juzi," alisema. Akaingia wodini.

Maneno hayo Bibi Soeun aliyabeba kama mzigo wa kuni mbichi, njia nzima mpaka nyumbani, na hata leo hajapata pa kuyatua.

Baada ya sikukuu ya mwaka mpya, ambayo huko huwa katikati ya Aprili, Nimol alikuja kuwatembelea. Wanawake wa jirani walikuja pia, kila mmoja akijifanya amekuja kuazima chumvi. Nimol alikaa nao chini ya nyumba akawaeleza mambo ya kwao. Kule Mondulkiri, alisema, asubuhi za Desemba pumzi ya mtu huonekana. Nyumba za zamani za kule paa la nyasi huteremka karibu liguse ardhi, mlango ni mdogo wa kuinama, na moto huwaka ndani. Joto la moto na la watu halipati pa kutokea. Kule moto ni rafiki wa mzazi, ingawa moshi wake si rafiki wa mapafu ya mtoto, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini hata kukiwa baridi.

"Huku mababu zenu hawakuwa wajinga," alisema. "Waliinua nyumba juu ya nguzo upepo upite chini. Waliacha nafasi kati ya mianzi ya sakafu. Waliezeka makuti, na makuti hayabebi jua. Walilala mchana, wakalima asubuhi na jioni. Mtu wa baridi hufunga joto ndani ya nyumba na nguo. Mtu wa joto hulifungulia njia. Ninyi mmechukua moto wa baridi, mkauweka chini ya bati, mkafunga dirisha."

Mwanamke mmoja, Shangazi Thoeun, aliuliza vipi basi kuhusu mishipa mibichi. Nimol hakumcheka. Alisema ni kweli mzazi ni dhaifu na anahitaji kutunzwa. Apewe uji wa moto, samaki na tangawizi, akandwe, apumzike siku nyingi, asibebe maji. Miezi ya baridi ajifunike shuka na shali. Miezi ya joto anywe maji kila anaponyonyesha, na mtoto anyonye mara kwa mara bila kupewa maji, kwa sababu maji yake yamo ndani ya maziwa. Na mzazi akipata homa, asisubiri kuona ni baridi au ni nini. Aende kituoni siku hiyohiyo.

Rith alipanda juu ya paa na makuti ya mvumo, akayatandaza juu ya mabati ya bluu tabaka mbili, akayafunga kwa kamba. Alikata dirisha upande wa kusini na jingine kaskazini. Kitanda cha Phalla kilihamishiwa chini ya nyumba wakati wa mchana. Mng'ao ulikwisha. Watu walimuuliza Bibi Soeun kama haoni huruma kuficha bati zuri hivyo. Alisema macho yao ndiyo aliyoyaonea huruma.

Mwezi wa Mei Shangazi Thoeun alipata mjukuu. Mzazi alilala chini ya nyumba penye upepo, na hakuna aliyewasha karai. Wakafuata wengine wawili. Wote wako hai.

Lakini Bibi Soeun hakuwa akilala vizuri. Septemba iliingia na mvua, na mvua ikiendelea ikaja Pchum Ben, siku ambazo wafu hutoka na njaa kuwatafuta ndugu zao kwenye mahekalu. Mfu asipomkuta ndugu yake amemletea wali, hulaani. Bibi Soeun alipeleka wali alfajiri zote kumi na tano. Hakuogopa Mealea asimpate. Aliogopa ampate, amuulize.

Siku ya mwisho Sambath alitokea njiani. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati, mkononi ana mkungu wa ndizi. Alimfuata Bibi Soeun chini ya nyumba, akasujudu mbele yake mpaka paji la uso likagusa mkeka. Alisema amekuja kumpelekea mkewe wali, kama mama atamruhusu, kwa maana yeye ndiye aliyemuua.

Wanawake walikuwa chini ya nyumba wakifunga wali wa kunata katika majani ya migomba. Mikono yote ilisimama. Phalla alimpakata mwanawe Rumduol, mnene sasa kama kiazi. Kila mtu alimtazama Bibi Soeun. Neno moja lingetosha. Lilifika mpaka kooni.

"Yaliyopita yamepita," alisema. "Moto ulizimika. Ulichoka, ulilala. Nimekusamehe."

"Asante, mama," Sambath alisema. "Mimi sikumbuki kulala. Kila siku najaribu kukumbuka. Lakini mama uliona."

"Niliona," alisema Bibi Soeun.

Wakati huo Rith alitoka nyuma ya ghala la mpunga. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, na chungu cha kuchemshia wali wa kunata kinataka moto wa saa nzima. Alikuwa amepekua mpaka akapata kitu kikavu. Alikuwa anaburuta kitanda cha mianzi, cha zamani, kimefungwa kwa magunia na kamba.

"Mama, hiki kilikuwa kimefichwa nyuma ya mpunga," alisema. "Nikipasue?"

Bibi Soeun alisema arudishe haraka. Kisha akasema hakijui. Kisha akasema ni cha Phalla.

"Cha Phalla nilikitengeneza mimi, mama. Kile pale amekikalia."

Sambath alikuwa ameinuka. Alikitambua kitanda, kwa kuwa mafundo ya pembeni aliyafunga kwa mikono yake mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Alikipindua. Mianzi ya chini yote ilikuwa nyeusi. Katikati, mahali mgongo wa mtu hulala, miwili ilikuwa imeliwa mpaka ikakatika.

Mvua ilidondoka kutoka kwenye makuti.

"Mchwa hao," alisema Bibi Soeun.

Sambath alipitisha kidole juu ya mianzi iliyokatika, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akakiinua kidole hicho mbele ya uso wa mama mkwe wake. Kilikuwa cheusi tii, kwa masizi.